Kitunguu Saumu: Kiungo cha Sufuria, Si Badala ya Dawa

Ndugu wasomaji, mlioko kambini, vituoni na majumbani, juma hili ukurasa wetu unashughulika na kiungo kidogo ambacho kila mama anakijua, lakini ambacho wengi wetu ama hukidharau, ama hukisifu kupita kiasi. Kiungo hicho ni kitunguu saumu.

Katika masoko ya Busia, upande wa Uganda na upande wa Kenya, na vilevile katika soko la Tororo, kitunguu saumu hupangwa mafungu madogo madogo pamoja na tangawizi na ndimu. Waswahili wa pwani hukiita kitunguu thomu, na Waganda hukiita katunguluccumu. Neno hili la saumu, au thomu, asili yake ni Kiarabu, wala halihusiani na saumu ya mfungo ingawa matamshi yamelingana.

Wako watu wanaokipita sokoni bila kukitazama, wakisema kuwa ni kiungo cha mahoteli na cha wapishi wa pilau, wala hakimhusu mtu wa posho na maharagwe. Wako na wengine wanaosema kuwa ni dawa ya kila maradhi: huponya malaria, hufukuza mbu, husafisha damu na kumwondolea mtu haja ya kwenda hospitali. Makundi yote mawili yanakosa. Wa kwanza wanajinyima chakula kitamu, na wa pili wanaweza kuipoteza roho ya mtoto. Kwa hiyo yafaa tukitazame kitunguu saumu kwa utulivu, tukipe haki yake, wala tusikizidishie.

ASILI NA SIFA ZAKE ZA KALE

Kitunguu saumu asili yake ni Asia ya Kati, na binadamu wamekitumia kwa maelfu ya miaka. Herodotus, mwanahistoria wa Kiyunani, aliandika kwamba vibarua waliojenga piramidi za Misri walilishwa figili, vitunguu na vitunguu saumu. Tena kaburi la Farao Tutankhamun lilipofunguliwa mwaka 1922, vichwa vya kitunguu saumu vilionekana humo miongoni mwa mali alizozikwa nazo.

Wasomaji wetu walio askari huenda wakapenda kujua kuwa kiungo hiki kimewahi kwenda vitani. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, 1914 hadi 1918, madaktari wa majeshi walitumia maji yake kusafishia vidonda ili visioze. Wakati huo penisilini haikuwapo, kwani iligunduliwa mwaka 1928. Dawa zilizo bora zilipopatikana, majeshi yaliziacha zile za zamani. Hivyo ndivyo ipasavyo: mtu hutumia silaha iliyo bora kati ya zile alizo nazo.

KILICHO NDANI YAKE

Punje ya kitunguu saumu ikiwa nzima haina harufu kali. Harufu huzaliwa punje inapokatwa au kupondwa. Ndani ya punje mna vitu viwili vilivyotengwa, kila kimoja mahali pake. Kisu au mchi unapovivunja vyumba vyake, vitu hivyo hukutana na kuzaa kitu cha tatu kiitwacho alisini. Alisini ndiyo yenye harufu na ukali, na ndiyo yenye nguvu ya kuua baadhi ya vijidudu. Wanasayansi wa Marekani, Chester Cavallito na John Bailey, waliitenga na kuieleza mwaka 1944.

Kutokana na hayo mpishi apata mafunzo mawili. La kwanza, usiitie punje nzima katika sufuria ukatumaini faida kubwa. Iponde au uikate vipande vidogo. La pili, ukiisha kuiponda, iache juu ya kibao muda wa dakika kumi kabla ya kuitia motoni, ili alisini ipate nafasi ya kujitengeneza. Moto mkali ukiiwahi, kazi hiyo husimama.

SAYANSI YASEMAJE?

Majaribio mengi yamefanywa, na majibu yake hayafanani. Kuhusu shinikizo la damu, majaribio kadhaa yameonyesha kuwa vidonge vya kitunguu saumu huweza kulishusha kidogo kwa watu ambao tayari lao liko juu. Kuhusu mafuta ya damu, mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio la watu wazima 192 juu ya matumizi ya kitunguu saumu au vidonge vyake kwa miezi sita. Mafuta yao ya damu hayakupungua kwa kiasi cha maana. Kuhusu mafua, jaribio la mwaka 2001 la watu 146 lilionyesha kuwa waliomeza vidonge waliugua mara chache zaidi, ila jaribio moja dogo halitoshi kuwa ushahidi wa kutegemewa.

Basi, faida iliyo ya hakika iko wapi? Ndugu msomaji, iko katika sufuria yako. Kitunguu saumu hukifanya chakula cha kawaida kiwe kitamu bila ya kuongeza chumvi wala mafuta. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kiasi cha kijiko kimoja cha chai, kwa chakula chote cha siku nzima. Wengi wetu hupita kiasi hicho, hasa tunapotia chumvi na tena kuongeza viungo vya pakiti ambavyo navyo vimejaa chumvi. Chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu, na maradhi hayo humwangusha mtu aliyeonekana mzima hadi jana yake. Mpishi akiwa na punje chache za kitunguu saumu, ndimu na nyanya zilizoiva, anaweza kupunguza chumvi na walaji wasinung'unike. Kadhalika, mtoto anayekataa kunde au dagaa kwa kuwa havina ladha, atakula vikiungwa vizuri. Siha ya nyumba hujengwa hivyo.

HOMA YA MTOTO HAITAKI KITUNGUU SAUMU

Sasa tuje kwenye jambo zito. Sisi wa Tororo na Busia tunaishi katika nchi ya malaria. Watafiti waliohesabu mbu huko Nagongera, wilayani Tororo, kati ya mwaka 2011 na 2013, walikadiria kuwa mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria mara 310 kwa mwaka. Hiyo ni karibu kila usiku. Kuanzia mwisho wa mwaka 2014 nyumba za wilaya hiyo zilipulizwa dawa ya kuua mbu, vyandarua vikagawiwa, na malaria ikapungua sana. Lakini kuanzia mwaka 2020 ugonjwa ulipanda tena katika wilaya zilizokuwa zikipulizwa, ikawa funzo kwetu kuwa adui huyu halali.

Katika hali kama hiyo, hutokea mtoto akapatwa na homa usiku, na mama akaambiwa na jirani amponde kitunguu saumu, amnyweshe maji yake, au ampake kifuani na nyayoni. Mama hufanya hivyo kwa mapenzi, akangoja kesho, akangoja na kesho kutwa. Malaria haingoji. Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano, siku moja au mbili zaweza kuigeuza homa ya kawaida kuwa degedege, upungufu wa damu na mauti. Homa ikitokea, mtoto apelekwe kwa mhudumu wa afya wa kijiji au kituo cha afya siku hiyo hiyo, apimwe damu, na akionekana na malaria apewe dawa kamili na kuimaliza. Hakuna jaribio lililothibitisha kuwa kitunguu saumu huponya malaria ya binadamu.

Tena kumpaka mtoto kitunguu saumu kibichi ni hatari yenyewe. Ngozi ya mtoto ni laini, na alisini huunguza. Madaktari wamepokea watoto wenye malengelenge mfano wa waliomwagikiwa na maji ya moto, kwa sababu walifungwa kitunguu saumu mwilini.

Na ile habari ya kula kitunguu saumu ili mbu wakimbie? Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya jaribio ambamo watu waliokula kitunguu saumu waliwekwa mbele ya mbu, wakalinganishwa na wasiokula. Mbu hawakujali tofauti. Kwa hiyo, afande unayelinda usiku, vaa mikono mirefu. Na wewe uliyelala nyumbani, shusha chandarua. Chanjo ya malaria nayo isiachwe. Upande wa Kenya ilianza kutolewa kwa watoto mwaka 2019 katika kaunti nane za magharibi, Busia ikiwa mojawapo. Na Uganda iliizindua katika chanjo za kawaida za watoto mwezi Aprili mwaka 2025.

WANAOTUMIA DAWA ZA HOSPITALI

Kuna funzo jingine kutoka Afrika Kusini. Mwezi Agosti mwaka 2006, katika mkutano wa dunia juu ya UKIMWI uliofanyika Toronto, Kanada, banda la maonyesho la nchi hiyo lilionyesha kitunguu saumu, ndimu na kiazisukari chekundu. Waziri wa Afya wa wakati huo, Manto Tshabalala-Msimang, alikuwa amevisifu vyakula hivyo kwa muda mrefu huku dawa za kupunguza makali ya virusi zikichelewa kuwafikia wagonjwa. Baadaye, mwaka 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walikadiria kuwa kucheleweshwa kwa dawa hizo kati ya mwaka 2000 na 2005 kuligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000. Kitunguu saumu hakikuwaua watu hao. Kilichowaua ni ugonjwa ulioachwa bila dawa, huku chakula kikitajwa mahali pa dawa.

Katika miji yetu ya mpakani wako ndugu wengi wanaoishi na virusi na wanaofanya kazi zao kama kawaida kwa kuwa hawakosi dawa. Hao wasiziache kwa sababu ya sifa za kiungo chochote. Mwaka 2002 ilitangazwa kuwa vidonge vya kitunguu saumu vilipunguza kwa nusu kiasi cha saquinavir, dawa mojawapo ya virusi hivyo, katika damu za watu waliojitolea kujaribiwa. Dawa hiyo siyo ile wanayopewa wagonjwa wengi leo, lakini onyo linabaki: kitunguu saumu cha kuungia mchuzi ni chakula wala hakina neno, vidonge vyake, au kukitafuna kibichi kwa wingi kila siku, ni jambo la kumwarifu daktari kwanza.

Vilevile kitunguu saumu kingi hupunguza kuganda kwa damu. Anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, na anayengojea kupasuliwa, amweleze daktari. Aghalabu madaktari hushauri vidonge hivyo viachwe walau siku saba kabla ya upasuaji.

MAPISHI MATATU YA NYUMBANI

Baada ya maonyo, sasa tuingie jikoni. Vipimo hivi vyatosha watu sita, na kazi yote inawezekana juu ya sigiri moja, hata kwa aliye katika nyumba ndogo za askari, zile ziitwazo "mama ingia pole".

1. Maharagwe ya posho

Mahitaji: maharagwe makavu nusu kilo, vitunguu maji viwili, nyanya nne zilizoiva, karoti moja, punje sita za kitunguu saumu, mafuta vijiko vitatu vya mezani, chumvi nusu kijiko cha chai, ndimu nusu.

Namna ya kupika: Chagua maharagwe, yaoshe na kuyaroweka usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, tia mengine, na uyachemshe kwa moto mkali walau dakika kumi, kwani maharagwe yasiyochemka sawasawa huumiza tumbo. Kisha punguza moto, uyaache hadi yalainike. Menya na kuponda kitunguu saumu, ukiweke kando dakika kumi. Kaanga vitunguu maji mpaka vilainike, tia karoti iliyokwaruzwa, kisha nyanya, uzipike hadi mafuta yaelee. Sasa tia kitunguu saumu nusu yake, koroga kwa muda wa dakika moja tu, kisha mimina maharagwe pamoja na mchuzi wake. Yakiisha kuchemka pamoja robo saa, tia chumvi na nusu iliyobaki ya kitunguu saumu, funika, epua. Kamulia ndimu wakati wa kupakua.

Angalia: kitunguu saumu kisitangulie katika mafuta ya moto. Ni kidogo na kikavu kuliko kitunguu maji, huungua upesi, na kikiungua huwa kichungu na kuharibu sufuria nzima.

2. Mukene, au omena, wa ndimu

Samaki huyu mdogo, ambaye upande wa Uganda huitwa mukene, upande wa Kenya omena, na Tanzania dagaa, ni chakula cha thamani kubwa kwa watoto, kwa sababu huliwa mzima pamoja na mifupa yake, na humo hupatikana madini ya kujenga mifupa.

Mahitaji: mukene wakavu vikombe viwili, kitunguu maji kimoja, nyanya tatu, punje tano za kitunguu saumu, tangawizi kipande kidogo, mafuta vijiko vitatu, ndimu moja.

Namna ya kupika: Chagua mukene na kuondoa mchanga na takataka. Waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara tatu. Wachuje, uwakaange kwa mafuta kidogo hadi wakauke na kunukia, uwaweke kando. Katika sufuria hiyo hiyo kaanga kitunguu maji, kisha nyanya. Tia kitunguu saumu na tangawizi vilivyopondwa pamoja, koroga kidogo. Rudisha mukene, tia maji nusu kikombe, funika dakika tano. Kamulia ndimu. Onja kabla ya kutia chumvi, maana mukene wengine huuzwa wakiwa wametiwa chumvi tayari.

3. Kunde za karanga

Mahitaji: kunde mafungu mawili makubwa, kitunguu maji kimoja, nyanya mbili, punje nne za kitunguu saumu, karanga zilizosagwa vijiko vinne vya mezani, chumvi kidogo.

Namna ya kupika: Chambua majani, yaoshe kabla ya kuyakatakata, uyachemshe kwa maji machache hadi yalainike. Wapishi wengi wa kwetu hutia magadi ili kunde zilainike upesi. Lakini magadi nayo ni jamaa ya chumvi, basi yapunguze au uyaache kabisa. Koroga karanga kwa maji ya moto ziwe uji mzito. Katika sufuria nyingine pika kitunguu maji na nyanya bila mafuta, kwa maji kidogo. Tia kitunguu saumu, kisha kunde, kisha karanga. Koroga kwa moto mdogo dakika kumi, usiache zishike chini. Chakula hiki hupendeza kwa ugali wa wimbi, kwa muhogo, au kwa viazi vitamu.

KUNUNUA, KUHIFADHI NA KUPANDA

Sokoni chagua kichwa kigumu, kizito, chenye maganda makavu. Kilicho chepesi kimenyauka ndani, na chenye ukungu mweusi au chipukizi ndefu kimekaa sana. Nyumbani kiweke katika kikapu au wavu, mahali pakavu penye hewa. Usikifungie katika mfuko wa plastiki, kwani kitaota ukungu. Kikitunzwa hivyo hudumu majuma mengi. Kwa hiyo askari anayepelekwa kituo cha mbali anaweza kuchukua vichwa viwili katika mizigo yake bila kulemewa.

Jihadhari na desturi ya kuweka kitunguu saumu kibichi ndani ya chupa ya mafuta na kuiacha mezani siku nyingi. Ndani ya mafuta hamna hewa, na kuna kijidudu kipendacho mahali pasipo hewa, ambacho hutoa sumu ya kupoozesha mwili. Mwaka 1985 huko Vancouver, Kanada, watu zaidi ya 30 waliugua kwa sababu ya kitunguu saumu kilichohifadhiwa namna hiyo katika mkahawa. Tengeneza kiasi cha siku hiyo tu.

Mmea huu hupenda baridi, na ndiyo sababu husitawi zaidi milimani. Kwetu huku kwenye joto vichwa vyake huweza kuwa vidogo. Hata hivyo, chomeka punje chache, ncha ikitazama juu, katika debe kuukuu lenye udongo na matundu chini. Majani mabichi yatakayoota yakatwe na kutiwa katika mayai au mchuzi. Ladha yake ni ile ile, ila pole zaidi.

Na harufu ya kinywa? Wako maafande wanaoogopa kusimama gwaride au kuzungumza na wasafiri pale mpakani baada ya mlo wa namna hii. Kikombe cha maziwa wakati wa kula hupunguza harufu hiyo. Jambo hili watafiti wa Marekani walilithibitisha mwaka 2010. Na nyumba nzima ikila pamoja, hakuna wa kumnung'unikia mwenzake.

Ndugu wasomaji, kila kitu kina mahali pake. Kitunguu saumu mahali pake ni kibao, kinu na sufuria; homa mahali pake ni kituo cha afya. Mama au baba asiyevichanganya hivyo viwili atailisha jamaa yake vizuri, na ataiona ikikua.

Tuonane juma lijalo panapo majaliwa. Nawatakia upishi mwema.